Mfalme Aliyetangaza Punda

Kwa wenzangu wa msikitini, salaam aleikum. Kwa wenzangu wa kanisani, amani ya Mungu iwe nanyi. Na wewe uliyekaa karibu na mlango ili uweze kutoka haraka, nakusalimu zaidi ya wote, maana kiti hicho nimekikalia Alhamisi saba za kikao hiki.

Haya ninayosoma nimeyaandika kwanza kwenye daftari langu. Bila karatasi mimi siaminiki, na mtaona kwa nini. Masomo yangu ni ya darasa la nane, pale Kipungani, kwa hiyo mkisikia sentensi imekwenda upande, mnisamehe. Nimefuta mara nyingi. Sitataja jina la mtu, na nikimsema mtu ambaye hayupo wa kujitetea, nikatizeni.

Ndugu zangu, wengi wenu mwanijua kwa sauti kabla ya sura. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kutangaza. Natoka hapa Wiyoni na kipaza sauti cha mkono, naingia vichochoro vya mji mmoja baada ya mwingine, nasema: maji yatakatika kesho. Mbuzi mweupe amepotea, ana kengele. Chifu ana mkutano. Na nilitangaza vifo. Hapa kwetu maiti hailazwi. Mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Simu zipo, na hayo makundi ya wasapu yapo, lakini kuna wazee ambao kama hukupita mlangoni kwao, hawajui. Kwa hiyo ile haikuwa kazi ya mchezo, nami nilijua.

Sasa, palikuwa na Mwingereza mmoja aliyekuwa na nyumba mji wa kale. Alikuwa mtu mzima, magoti mabovu, Kiswahili chake cha polepole lakini safi. Huko kwao alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Si wa filamu. Aliigiza ile michezo yao ya kale, ya wafalme wanaonyang'anyana viti na kutokewa na wafu, michezo ya karne na karne. Alianza akiwa mbeba mkuki asiye na neno hata moja la kusema. Akapanda akawa mtoto wa mfalme, kisha mfalme, kisha baba wa mfalme. Miaka thelathini alizunguka miji ya kwao kwa treni, na sanduku moja. Alinionyesha picha zake: hapa ana taji, hapa ana upanga, hapa amekufa. Nilihesabu picha tisa ambazo amekufa.

Siku moja napita chini ya dirisha lake na tangazo la maji. Akatoa kichwa nje.

"Wewe! Simama! Sema tena ile ya maji."

Nikasema.

"Sasa sema kama hayo maji ni mwanao, na hatarudi."

Nikajiambia huyu jua limempiga. Lakini nikasema hivyo hivyo. Akapiga makofi peke yake pale dirishani, na mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu akaniambia, "Yeo umepata mwenda wazimu mwenzio."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kundi lake. Tulikuwa walimu wanne, fundi cherehani mmoja, na mimi. Mwalimu mmoja alitafsiri mchezo wa kale wa Kiingereza, akautia Kiswahili kizuri, nami nikapewa ufalme kwa sababu ya koo langu. Kusoma kwangu maandishi ya mtu mwingine ni kwa polepole, kwa hiyo nilijifunza kwa sikio. Mke wangu alinisomea jikoni. Alikuwa maadui zangu wote, mmoja mmoja, huku akichunga unga. Kuna mahali adui ananiambia, "Utakufa kama mbwa," na mke wangu alipasema vizuri mno, nikawa na wasiwasi.

Nataka niwe mwadilifu kwa yule Mwingereza. Alitufundisha kwa subira. Hakututukana. Alitufundisha kusimama, kungoja, kumsikiliza mwenzako kana kwamba hujui atasema nini. Kwa kitu kimoja tu alikuwa mgumu. Mwalimu mmoja alisema, "Bwana, tumweke mtu nyuma ya pazia na kitabu. Mtu akisahau, amkumbushe." Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Hapana. Kukumbushwa ukumbi wote unasikia. Afadhali mtu anyamaze."

"Na akinyamaza sana?"

"Basi na afe pale pale."

Tulicheka. Tukaichukua kama sheria.

Tulionyesha mchezo mara mbili, katika shule mbili, na ukaenda vizuri. Watu walilia. Nami, ndugu zangu, nawaambia ukweli, nikapata kiburi. Nikaacha mazoezi ya jikoni. Mke wangu akaniuliza, "Leo hatusomi?" Nikamjibu, "Mfalme hasomi." Mungu anisamehe.

Onyesho la tatu ndilo lilikuwa kubwa, hapa mjini, saa kumi alasiri, mbele ya maofisa, masheikh, walimu, kina mama, watu wote. Yule Mwingereza, mwelekezi wetu, aliniambia siku hiyo nisiseme na mtu, nipumzishe sauti na kichwa. Na siku hiyo hiyo asubuhi nikaletewa kazi ya kutangaza chanjo ya punda. Sikumwambia. Nilitoka alfajiri, nikazunguka mji mzima, nikasema maneno yale yale pengine mara arobaini mpaka adhuhuri. Daftari langu linasema arobaini. Mke wangu anasema nilitia chumvi. Kosa hili ni langu, halina mshirika.

Haya. Alasiri. Ukumbi umejaa, joto, feni moja inazunguka na moja imekwama. Nimevaa joho. Mwanangu ameuawa vitani, yuko miguuni pangu, yaani fundi cherehani amelala chali na damu ya rangi. Hapo mfalme anainua mkono na kuwaita watu wake wamsikilize. Nikainua mkono.

"Sikilizeni!"

Halafu hakuna kitu. Si kwamba nilisahau neno, kwa maana ukisahau neno unalitafuta. Hapakuwa na pa kutafutia. Nilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta. Nikasikia feni. Nikasikia moyo wangu masikioni. Watu walidhani ni huzuni, wakanyamaza nami, na kila walivyonyamaza ndivyo kile kimya kilivyozidi kunibana. Ulimi ulikauka ukawa kama ngozi ya kiatu. Nikasema tena, "Sikilizeni," na hapo mdomo wangu, bila ruhusa yangu, ukajiendea:

"Sikilizeni, sikilizeni! Wenye punda wote mnaarifiwa, chanjo ni leo mpaka saa nane, mje na kamba!"

Kwa sauti ya mfalme. Na mkono juu.

Ninyi mnacheka, chekeni, nimeliandika nikijua mtacheka. Ule ukumbi ulianguka. Maiti yangu ilicheka. Niliona tumbo la fundi likitikisika. Sheikh mmoja alijifunika uso kwa kilemba. Mimi nilisimama pale na mkono juu, nikiogopa kuushusha, nikiogopa kufungua mdomo, kwa sababu sikujua utatoa nini tena. Hilo ndilo naomba mlielewe. Aibu niliizoea baadaye. Kilichoniingia siku ile ni kuuogopa mdomo wangu mwenyewe.

Nyuma ya jukwaa mwelekezi aliniambia maneno mawili tu: "Umeuchinja mchezo." Akaenda zake. Kundi likavunjika. Walimu nao walikuwa na mitihani ya shule, siwezi kusema ni mimi tu.

Mji ulinichezea. Wapagazi: "Mtukufu Mfalme, punda wangu akohoa!" Mwenye duka: "Baba, kamba hii yatosha, au nilete ndefu?" Nilicheka nao siku za kwanza. Sikuona ubaya wao, hata sasa siuoni. Lingempata mwingine na mimi ningecheka. Lakini wiki ya pili nilipoinua kipaza sauti kutangaza mkutano wa chifu, koo likafunga. Nikasukuma. Likafunga zaidi. Mikono ikalowa jasho mpaka kipaza sauti kikateleza. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu nina mafua.

Mafua hayo yaliendelea miezi mitatu. Nikajaribu kutangaza mapema, kabla watu hawajatoka. Nikajaribu nimefumba macho. Kila nikifungua mdomo namsikia yule punda ndani akingoja kutoka.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu ulikataa kuandika. Niliacha nusu ukurasa.

Asubuhi moja alikuja kijana wa familia moja ya mji wa kale, macho mekundu. "Ami, mama yetu amefariki. Maziko alasiri. Tupitie mji mzima." Ningemwambia, "Mwanangu, siwezi, mtafute mwingine." Maneno machache tu. Sikuyasema. Niliona aibu kumwambia mtu aliyefiwa habari za koo langu. Nikasema, "Inna lillahi," nikachukua kipaza sauti, nikatoka.

Nilifika kichochoro cha kwanza. Nikavuta pumzi. Na nikaona wazi kabisa, kama naona karatasi hii, kwamba nitataja jina la yule mama, na baada ya jina lake nitasema mje na kamba. Nitamtangaza marehemu pamoja na punda, na wanawe wanasikia. Nikageuka. Nikaenda nyuma ya ukuta wa nyumba isiyomalizwa hapa Wiyoni, nikakaa juu ya mchanga, kipaza sauti mapajani, nikakaa mpaka nikasikia adhana ya alasiri. Nilipoisikia nilijua wanambeba.

Yule mama alikuwa na kaka mmoja tu. Mtu wa Kipungani, kijijini kwetu, mfumaji wa mikeka. Siku ile hakuwa Kipungani. Alikuwa mjini, ndugu zangu. Amekaa na mikeka yake, kichochoro cha pili kutoka pale nilipogeukia. Simu yake haikuwa na chaji, na kila aliyemwona alidhani anajua, anangoja wakati tu. Alipomaliza kuuza akashika njia ya kwao kwa miguu, na habari akaikuta nyumbani. Dada yake ameshafukiwa.

Nani alijua ni mimi? Familia walidhani nilipita upande mwingine. Binamu yangu ndiye aliyenisimulia, hata hakujua ananichinja. Wiki hiyo nilirudisha kipaza sauti kwa wenyewe. Nikaacha kukaa barazani. Nikaacha kwenda msikitini, nikawa naswali chumbani, na hata humo niliisoma Fatiha kwa kunong'ona, nikiogopa. Mtu akibisha hodi, namwashiria mke wangu aseme sipo. Daftari la miezi hiyo lina mistari mifupi: "Leo sikusema." "Leo nilisema na kuku." "Leo sikusema."

Aliyekuja ni yule Mwingereza. Alipanda mchanga wa Wiyoni na mkongojo wake, na wale wanaolijua joto la saa tano watajua ilimgharimu nini. Mke wangu akampa kiti uani na maji.

"Bwana Mfalme. Nimesikia husemi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nataka kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu wa hapa."

Akasimulia. Kwamba alipofikia umri kama wangu, yuko juu kabisa, jina lake mlangoni mwa ukumbi, siku moja katikati ya hotuba ya mfalme neno lilimkimbia. Akashika kiti mpaka likarudi. Watazamaji hawakujua. Lakini yeye alijua. Tangu hapo kila kabla ya onyesho alitapika ndani ya ndoo, miaka mitano. Aliwaomba waigizaji wenzake wasimtazame machoni, kwa sababu akitazamwa anasahau. Na mara ya mwisho alikwama mara tatu, na mara zote tatu mkumbushaji alimtupia neno kutoka nyuma ya pazia, na ukumbi ukasikia. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Maskini."

"Neno hilo moja," akaniambia, "ndilo lililonileta Lamu. Watu hapa walikuwa hawajui mimi ni nani."

Ndugu zangu, nilikasirika. Na hapo ndipo nilipofungua mdomo, kwa hasira, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Ulijua? Ugonjwa huu uliujua, ukaniingiza kule bila mkumbushaji?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuisikia tena ile sauti nyuma ya pazia." Akatazama chini. "Nilijifikiria mimi. Sikukufikiria wewe. Nisamehe."

Sikumsamehe siku ile. Nimeandika hivyo na sitafuta. Lakini yeye naye sikumwambia habari ya punda wa asubuhi, kwamba alinikataza na sikusikia, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na lake. Alipoinuka akasema, "Kuna Sista pale zahanati, ana kikao cha Alhamisi, cha watu waliolemewa. Mimi sikwenda kwa mtu yeyote. Tazama nilivyo." Mwezi uliofuata alirudi kwao kutibiwa magoti. Nilisema moyoni nitakwenda kumuaga. Sikwenda.

Lakini hapa nilikuja. Mwanikumbuka. Alhamisi ya tatu, dada mmoja wetu, mwuza viazi kutoka bara, alishindwa kuvumilia. "Sista, huyu baba ni bubu, ama ametumwa kutupeleleza?" Mkacheka wote, nami nikacheka. Na Sista akasema, "Mwacheni. Kukaa pia ni kazi, si ndiyo?" Sikusema neno. Lakini nililala vizuri.

Basi binti yangu akaposwa. Kijana mwalimu, mtu mzuri. Nikahi ikapangwa Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, msikitini. Na mnajua desturi: baba akiweza ndiye anayeozesha. Anakaa uso kwa uso na bwana harusi, mkono kwa mkono, na anatamka, watu wote wakisikia.

Mke wangu alinihurumia. "Mpe sheikh uwakilishi, aozeshe kwa niaba yako. Watu wangapi wafanya hivyo? Hakuna aibu."

Binti yangu akasema, "Sitaki sheikh aniozeshe, nami nina baba."

"Mwanangu, babako haumwi koo. Aumwa na hofu."

"Najua. Namtaka hivyo hivyo na hofu yake."

Ningefanya nini? Nilikwenda stoo kufanya mazoezi mbele ya kuku. "Nimekuoza," nasema, na kabla sijafika kwa binti yangu nawasikia punda. Ndani ya msikiti! Mbele ya mahari na mashahidi! Jumatano nikaenda kwa sheikh wetu kwa siri, nikamwomba nimpe uwakilishi.

Akaniuliza, "Wanipa kwa kuwa huwezi, au kwa kuwa waogopa?"

"Naogopa, sheikh."

"Ndoo Ijumaa, uje vivyo hivyo. Mimi nitakuwa hapo kati yenu." Akarudi kwenye kitabu chake, kana kwamba nimemuuliza saa.

Ijumaa. Msikiti umejaa. Nimekaa, bwana harusi mbele yangu, viganja vyetu vimeshikana, na sheikh katikati, goti lake likigusa langu. Hotuba ya nikahi ikaisha. Kimya. Kimya kile kile, nakwambia, nikakijua kwa harufu. Moyo masikioni. Ulimi wa ngozi ya kiatu.

Sheikh akasema, kwa sauti ya kawaida, watu wote wakisikia: "Sema: Nimekuoza."

Nikafungua mdomo. Hakuna.

Hakunitazama. Hakuinua sauti. Kama mtu anayekusogezea sahani, akasema tena: "Nimekuoza."

"Nimekuoza," nikasema. Na papo hapo nikawahisi midomoni, punda wale, herufi ya kwanza imeshafika, midomo imeshafunga kuitoa. Lakini kabla haijatoka, sheikh alikuwa ameshaweka neno jingine:

"Binti yangu."

"Binti yangu."

Akanipa jina lake. Nikalisema. Akanipa mahari. Nikasema. Neno kwa neno, kama kumvusha mtu majini, jiwe baada ya jiwe, mpaka nikajikuta ng'ambo, nimeshamuozesha mwanangu kwa mdomo wangu.

Ikawa zamu ya bwana harusi, na huyo mwalimu wa kusomesha watoto hamsini kwa siku, akakwama. "Nimekubali ku... ku..." Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Moya moya, mwanangu, hatuna safari." Sheikh akampa neno. Akalichukua.

Nikainua macho nikawatazama wale wanaume. Nimehudhuria nikahi nyingi kuliko nywele nilizobakiza, na sikuwahi kuliona hili, kwa kuwa liko wazi mno. Kila mwanamume mle aliyeoa alikaa mahali kama pale akatiliwa maneno mdomoni mbele ya watu. Wavuvi, maofisa, matajiri, sheikh mwenyewe siku zake. Neno kubwa kuliko yote maishani mwao walikumbushwa, kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia, na hakuna aliyewaambia, "Maskini."

Hapo nikalia. Watu wakadhani ni kwa sababu ya binti.

Msije mkatoka hapa mkisema alipona Ijumaa ile. Sikupona. Jumamosi niliogopa kama kawaida. Ila nilijua la kufanya na hofu. Jumatatu nilikwenda Kipungani kwa yule kaka. Nilimkuta anafuma. Nikamweleza yote: ukuta, mchanga, adhana. Aliendelea kufuma mpaka nikamaliza.

Akasema, "Nilikuwa kichochoro cha pili."

"Najua."

"Ningekusikia."

Hapo hakuna mtu wa kunipa neno, wala sikulitafuta. Tulikaa. Baadaye alisema amenisamehe kwa ajili ya Mungu, lakini nisiende kwake tena. Ana haki. Sijaenda.

Leo natangaza tena. Vifo, sitangazi peke yangu. Namwambia mfiwa mmoja asimame bega kwa bega nami, anitilie jina la marehemu sikioni, nami nalitoa. Wengine wanaona ajabu. Wapagazi bado wananiita Mfalme, nami naitika. Na wale walimu wanataka kuurudisha mchezo muhula ujao, nami nimekubali, kwa sharti moja: mkumbushaji akae mbele, kwenye kiti, na kitabu mapajani, kila mtu amwone. Tumemwandikia mzee wetu kumpa habari. Hajajibu, au barua haijamfika, siwezi kumhukumu. Katika barua ile niliandika pia kwamba nimemsamehe, na habari ya punda wa asubuhi nikaiandika yote. Naogopa hilo onyesho. Nikiandika tu hapa mkono unalowa.

Nawashukuru. Mke wangu, aliyekuwa maadui zangu wote na hakuniacha. Binti yangu, aliyenitaka na hofu yangu. Sheikh, ambaye nilipomshukuru alisema, "Kwa lipi?" Mzee wa Kiingereza, aliyepanda mchanga kwa magoti yale kuja kunionyesha ndoo yake. Sista. Dada wa viazi, mimi si jasusi. Na ninyi nyote mlioniacha nikae.

Somo nililonalo ni dogo, na pengine mwajua ninyi kuliko mimi. Mtu aliyekwama hahitaji kuhurumiwa, wala kuchekwa hakumuui. Kinachomuua ni kuachwa na kile kimya, watu wakimtazama mdomo. Basi ukimwona mwenzako amekwama, sogea karibu. Mpe neno moja. Akishindwa kulichukua, mpe tena lile lile, wala usiongeze sauti.